U Yenye Kofia

"Huyo atakayekaa na nakala," Nzau aliuliza, "ataweza kuisoma?"

Kavindu alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akiunganisha waya za kompyuta na betri ya sola. Alijibu bila kutoa kichwa. "Inategemea ile tutachagua, mzee."

"Na kuifuta?"

"Hiyo pia inategemea."

"Basi kila kitu kinategemea," Nzau alisema, akainua macho kwenye paa. Bati moja pale juu lilikuwa jipya, liking'aa katikati ya mabati yaliyoliwa na kutu. Hapo ndipo wezi walipoingilia. Walikata bati kwa utulivu wa watu waliopewa muda, wakashuka, wakaiacha printa, wakaiacha paneli ya sola ikiwa bado ndani ya boksi lake, wakaliacha hata birika. Waliondoka na kompyuta peke yake; orodha ilipona tu kwa sababu usiku ule Kavindu alikuwa nayo nyumbani kwenye kompyuta nyingine. Mwizi gani wa Kalamba anaacha paneli ya sola?

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kamati yenyewe haikuwa na jina la kuvutia. Watu waliiita kamati ya makaburi, na kazi yake ilikuwa hiyo. Bwawa lilikuwa linakuja. Maji yangejaza bonde lote la chini, na ofisi ya mradi ilikuwa na karatasi yake iliyosema kwamba katika bonde hilo kuna makaburi tisa. Tisa! Nzau na Kavindu walikuwa wamelitembea miezi minne, msichana akipiga picha na kupima mahali kwa simu, mzee akimwongoza, kwa sababu mfuga nyuki huujua kila mti na kilicho chini yake. Walipata mia mbili na sita. Kila kaburi likapewa namba, picha, jina, na sauti ya shahidi aliye hai. Yatakayokuwa kwenye orodha yatafukuliwa kwa heshima na kuhamishiwa mlimani. Yasiyokuwemo yatahesabiwa kuwa ardhi tupu.

Namba mia moja na kumi na saba ilikuwa Kanyiva, mke wa Nzau.

Kanyiva alikufa miaka sita nyuma kwenye benchi la zahanati. Dawa ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya stoo, stoo ilikuwa imefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda semina ya siku tatu akiwa nao mfukoni. Semina ya nini? Ya uongozi bora. Nzau aliwahi kuisimulia habari hiyo kanisani, sokoni, na kwa kila mwanasiasa aliyesimamisha gari Kalamba, hadi watu wakaanza kubadilisha njia wakimwona. Hakujali. Aliyechapwa ndiye anayejua idadi ya viboko.

Mwenyekiti, Gedion Muthama, aliingia akijifuta jasho la shingo kwa leso iliyopigwa pasi. Zamani alikuwa karani wa chifu, na bado alitembea kama mtu anayebeba mhuri.

"Nina habari njema," alisema. "Ofisi ya mradi wamejitolea. Wako na mitambo mikubwa, yenye baridi ndani, stima haipotei. Watatuwekea nakala bure."

Nzau alicheka kwa pua. "Fisi amejitolea kulala na mbuzi."

"Wewe kila kitu kwako ni fisi."

"Walifanya nini na ile karatasi ya soda, Gedion?"

Hakuna mtu wa bondeni aliyehitaji kuelezwa. Mwaka uliopita waliitwa mkutano, wakapewa soda na mkate, wakaandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio. Miezi miwili baadaye karatasi ile ile ilisomwa hadharani kama karatasi ya kukubali bwawa. Jina la Nzau lilikuwa la nne. Tangu siku hiyo hakuwahi kuandika neno kwenye karatasi mbele ya mtu.

Kavindu alitoka chini ya meza, akajipangusa magoti. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, mwembamba, mwenye hasira ndogo ndogo za mtu anayejua kazi yake. Kompyuta zake zilikuwa kuukuu zilizotupwa na shule, akazifufua kwa mfumo wa Linux kwa sababu haukudai chochote na haukulalamika.

"Tusipigane na maneno," alisema. "Mzee Nzau, njoo hapa. Leo wewe ni mwizi."

"Mimi?"

"Nimejaribu programu tatu za kuweka nakala. Nimetuma nakala zote kwa hiyo mashine nyingine. Iibe, halafu uniambie umepata nini."

Nzau aliketi. Alibonyeza alipoonyeshwa. Kwenye nakala ya kwanza hakuhitaji kuiba chochote. Folda ilifunguka kama mlango wa kanisa, na pale akaona rundo la mawe, kitambaa cha bluu kilichofungwa kwenye fimbo, na kivuli chake mwenyewe kikiwa kimeanguka juu ya mawe siku ile ya picha. Aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Huyu si Kanyiva?"

"Ni yeye. Hiyo programu ni ya haraka, wazee wa mitambo wanaipenda. Lakini anayekaa na nakala anaona kila kitu."

Ya pili ilikuwa imefungwa. Nzau aliona takataka za herufi tu. Lakini Kavindu alimwambia afute kipande kimoja katikati, akafuta, na programu ikanyamaza. Ilinyamaza kama karani aliyelipwa. Ya tatu nayo ilikuwa takataka, hata majina ya mafaili hayakujulikana. Nzau alibadilisha herufi moja, moja tu, na Kavindu alipoiagiza ikague mzigo wake, ikajaza skrini malalamiko: kipande fulani, mahali fulani, kimeguswa.

Nzau aliegemea nyuma. Alikuwa na mizinga kumi na miwili ya magogo, na saba kati yake ilining'inia kwenye miti ya watu wengine, hadi upande wa Kitui. Hilo halikuwa ajabu. Kila mzinga ulichomwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto, na mwenye mti aliishi chini yake miaka yote bila kuuinua mfuniko. Wezi wa siku hizi ndio hawakusoma alama.

"Hii ya tatu," alisema, "ni mzinga kwenye mti wa mtu. Anauona, anajua una asali, hawezi kuramba. Na akitoboa nitajua."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Tutautundika kwa nani?"

"Kwa Sauda, Kitui mjini. Yule alinifundisha kazi. Mashine yake itapokea kila jioni, na hata yeye hatasoma kitu. Lakini mzee, sikiza." Kavindu alivuta kiti karibu. "Hii programu ina ubaya wake. Mwingine akiijua paswadi, anaweza kufungua na kuondoa atakacho bila sisi kujua, na wewe ukiisahau, imekwisha. Hakuna fundi Nairobi wala Ulaya anaweza kuifungua. Hata wale waliitengeneza hawawezi."

"Hata serikali?"

"Hata serikali."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, uso wa Nzau ulilegea. "Basi hiyo ndiyo."

Gedion alikunja leso yake katika pembe nne. "Na hiyo paswadi atakaa nayo nani?"

Kavindu alitaka iandikwe kwenye karatasi tatu, bahasha tatu, watu watatu. Nzau alikataa hata kabla hajamaliza kusema karatasi. Kavindu akataka basi wawe wawili, yeye na mzee. Nzau alikataa pia, lakini kwa upole. "Wewe ni mtoto wa watu. Watakuja kwa mama yako na gari lisilo na namba. Kama hujui, huna cha kusema. Mimi watanifanya nini? Kilichokuwa changu kiko chini ya mawe."

"Na mimi?" Gedion aliuliza.

"Wewe ni mtu wa vikao."

Walibishana hadi kinu kilipozimwa kwa chakula cha mchana. Mwishowe Kavindu alichoka. Alimwambia Nzau achague maneno, yasiwe mafupi, yasiwe ya Biblia, yasiwe jina la mke wala la mzinga. Yawe kitu ambacho hakuna mtu duniani amewahi kumsikia akisema.

Nzau alifikiri kidogo tu. Lilikuwepo jambo kama hilo. Yalikuwa maneno matatu ambayo hayajawahi kupita kinywani mwake, wala hayangepita.

Aliwatoa wote nje, akafunga mlango. Waliketi kwenye magunia, wakasikia kidole kimoja kikigonga, kikipumzika, kikigonga tena. Nzau alijifunza kusoma kwa kitabu cha nyimbo cha Kikamba, na aliandika kama kitabu kilivyoandika. Baada ya muda sauti yake ilitoka ndani.

"Kavindu! Hii alama iko juu ya kitufe, inatokaje?"

"Shikilia Shift, mzee! Hicho kikubwa cha kando!"

Kimya. Kugonga. Programu iliomba mara ya pili kuhakikisha, naye akarudia vile vile. Alipofungua mlango alikuwa ametokwa jasho. "Imekubali," alisema.

"Jumatatu tutajaribu kurudisha mafaili kutoka kwa Sauda," Kavindu alisema. "Nakala haijarudishwa si nakala. Ni matumaini tu."

Hawakufika Jumatatu wakiwa na mashine. Jumapili, watu wakiwa kanisani, katikati ya wimbo wa sadaka, harufu ya plastiki iliingia kupitia madirisha. Waliokuwa karibu na mlango walitoka kwanza, kisha wote. Kinu kilikuwa kimesimama salama. Chumba cha nyuma kilikuwa kimelala chini na kompyuta zote ndani yake, na bati jipya lilikuwa limejikunja jeusi. Watu walisema ni betri. Watu husema. Nzau alisimama katikati ya umati akihesabu waliokuwa wametoka kanisani naye, na mahali pa Gedion Muthama, benchi la pili upande wa kulia, alikumbuka kwamba palikuwa wazi tangu maombi ya kwanza.

Orodha ilitakiwa mezani kwa watu wa mradi Jumanne saa nne asubuhi.

Kwa hiyo Jumatatu mchana walikuwa Kitui, katika duka la Sauda Othman, nyuma ya soko. Gedion alikuja nao. Alisema mwenyekiti hawezi kukaa nyumbani jambo kama hilo likifanyika, na alikuwa amevaa suti.

Sauda alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyefunga mtandio wa rangi ya machungwa. Babu yake alitoka Pwani na kufungua duka la nguo mji huu ukiwa na barabara moja. Aliwapa viti, akawapa chai ya tangawizi bila kuwauliza. "Mzigo wenu upo," alisema. "Mimi naona magunia tu. Yameshonwa midomo. Sijui kama ni mchele au ni mawe."

"Ni mawe," Nzau alisema.

Aliketi mbele ya mashine. Wengine waligeuza nyuso. Kidole kimoja, polepole, mara ya kwanza. Mashine ilifikiri. Kavindu alikuwa amemweleza kwamba inafikiri kwa makusudi, ili mwenye kubahatisha achoke. Kisha mstari mfupi ukatokea, na Kavindu akausoma: paswadi si yenyewe.

"Umekosea herufi, mzee. Rudia tu."

Alirudia. Ilifikiri. Si yenyewe. Alirudia mara ya tatu akitamka kila herufi moyoni, akikandamiza kila kitufe kama anayemaliza kunguni. Si yenyewe.

Nje, sokoni, mhubiri alikuwa amefunga spika kwenye toroli akitangaza mwisho wa dunia kwa sauti iliyopasuka. Nzau alijaribu mara ya nane, ya tisa. Shati lilimgandia mgongoni. Maneno yalikuwa yale yale. Hangeweza kuyakosea, usingizini yalimjia bila kuitwa.

"Labda uliandika kitu kingine siku ile," Gedion alisema, akipuliza chai. "Uzee."

"Nyamaza."

"Mimi nasema tu. Tungewapa ofisi ya mradi, leo tungekuwa tumechapisha. Lakini wewe hutaki mtu ashike ufunguo. Ukashika peke yako, ukaupeleka mfukoni." Alinywa. "Kama yule wa zahanati."

Nzau aligeuza kichwa taratibu akamwangalia, na Kavindu aliona kitu katika uso wa mzee kikianguka ndani, bila kishindo.

"Chairman, hiyo haikuwa lazima," Kavindu alisema.

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," Nzau alisema.

Kavindu alivuta kiti, akaketi goti kwa goti na mzee. "Baba. Niambie hayo maneno. Nitajaribu njia zote, herufi kubwa, herufi ndogo, nafasi. Kompyuta hainishindi, kinachonishinda ni kutojua."

"Siwezi."

"Hutaki ama huwezi?"

"Siwezi kusema."

"Basi niandikie." Alimpa kalamu na nyuma ya risiti. Nzau aliitazama ile karatasi nyeupe kwa muda mrefu, akaweka kalamu mezani. Karatasi alizijua. Hata ukiichoma, mwenye kuihitaji anayo nakala.

Macho yake yalikuwa sakafuni, na mwili wote ameugeuza ukutani kidogo, kama mwanamume aliyekutana ghafla njiani na mtu asiyepaswa kumtazama. Kavindu alikuwa ameona wanaume wakisimama hivyo. Baba yake mwenyewe aliingia shambani, ndani ya mahindi, kila alipomwona nyanya mzaa mama akija.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jina la mtumia?"

Mtumia ni mama wa mke. Nzau aliinamisha kichwa, na huko ndiko kulikuwa kujibu.

"Ni nini, ni nini?" Sauda aliuliza.

"Ni jina la mama mkwe. Kwetu mwanamume hamtaji. Hata hampi mkono. Akimtaja ni aibu kubwa, atatoa mbuzi."

"Jina tu?" Sauda alipiga paja. "Mimi wa kwangu namtaja kila siku, na mengine naongezea kimoyomoyo!" Lakini alipoona hakuna anayecheka, akafunga mdomo kwa mtandio.

Kavindu alipata njia. Jina hilo wengine wanaweza kulitaja. Alimpigia Nyamai, kaka yake Kanyiva, huko Kikima, na simu ikasikika chumba kizima: "Mama? Mama anaitwa Katunge. Kwa kitambulisho ni Catherine Katunge. Kwani kuna nini? Mama yuko sawa, anakula uji."

"Si hilo," Nzau alisema, simu ilipokatwa. "Hilo Nyamai analijua, na chifu, na kanisa. Ungesema nichague kitu kama hicho?"

"Kuna jina lingine?"

Mzee alishika magoti yake. Alizungumza akiangalia ukuta, na hadithi ile aliyokuwa ameisimulia sokoni mara mia sasa ilikuja na kipande ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Kwenye benchi, alisema, mwisho mwisho, Kanyiva hakumwita yeye. Hakumwita Mungu. Alimwita mama yake, kwa jina la zamani ambalo nyanya yake Kanyiva tu alilitumia, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Alimwambia njoo hapa. Mara moja tu, kwa sauti ya mtoto mdogo. Mama yake alikuwa Kikima, mbali. Aliyekuwa karibu ni yeye, na jina lililoitwa halikuwa la kuitikiwa na yeye, wala la kurudiwa.

Mhubiri wa nje alimaliza orodha yake ya waongo na wazinzi.

Kavindu alimgeukia mwenyekiti. "Chairman, tupishe kidogo."

"Mimi ndiye nitasimama kesho na hiyo orodha mkononi. Nikiulizwa ilifunguliwa vipi?"

"Mwenyekiti," Sauda alisema, akisimama, na aliposimama mlango ulionekana mdogo, "hapa ni kwangu. Chai yako unaweza kumalizia kibarazani."

Gedion alitoka. Mlango wa duka ulikuwa pazia tu la kitambaa cha maua. Nzau aliona pazia likitulia, na chini yake, kwenye ukingo wa saruji, viatu viwili vyeusi vilivyopigwa rangi, vikiwa vimeelekea ndani.

Aliviona. Hilo lazima lisemwe. Aliviona, na alijua. Lakini saa ya ukutani ilikuwa imepita tisa, gari la mwisho la kurudi lilikuwa linaondoka saa kumi na moja, na kule bondeni watu mia mbili na sita walilala wakingoja kuambiwa kama waliwahi kuwepo. Neno likisemwa, alijiambia, linaenda na upepo. Alisogeza mdomo kwenye sikio la Kavindu, akasema.

"Sijasikia, baba. Hiyo spika."

Nzau alifumba macho. "Syombua," alisema, kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya mtu anayeita mtu aliye ng'ambo ya ua. "Syombua, uka vaa."

Syombua, njoo hapa. Hakuna kilichotokea. Ukuta ulibaki ukuta. Sauda alikuwa akitazama mikono yake, na mashavu ya Nzau yalikuwa yamelowa bila yeye kujua yalianza lini.

Kavindu alikuwa tayari anaandika. Kwa herufi kubwa: si yenyewe. Kwa ndogo: si yenyewe. Kwa S na I, kwa S na H, bila nafasi. Kila mara mashine ilifikiri kwa starehe zake. Alijaribu mara kumi na nne. Kisha aliinua mikono kutoka mezani.

"Hilo la katikati. Uliliandika vipi? U, k, a?"

"Kama kwenye kitabu cha nyimbo. U yenye kofia."

"Yenye kofia." Kavindu alitulia. "Kofia uliitoa wapi, mzee? Hakuna hiyo herufi hapa."

"Iko." Nzau alinyosha kidole hadi kitufe cha pembeni kabisa, juu kushoto, penye kiwimbi kidogo kilichochorwa. "Ni hii. Nikaishika na kile kikubwa, nikaweka kofia kwanza, halafu u. Ndivyo nimefanya na leo pia."

Kavindu alifungua ukurasa mtupu. Alibonyeza kitufe kile kile, na kile kikubwa cha kando. Kwenye skrini hakikutoka kiwimbi. Kilitoka kijistari kilichovunjika shingo, alama ambayo hakuna hata mmoja wao aliyelijua jina lake.

"Ya Rabbi," Sauda alisema. "Mashine yangu imepangwa kwa mtindo wa Waingereza. Niliinunua hivyo. Kitufe kimechorwa hivi, yenyewe inasoma vile."

"Na paswadi haionekani ukiandika," Kavindu alisema taratibu. "Ulikuwa sawa mara zote, baba. Tangu mara ya kwanza. Ungeniambia tu kuhusu kofia... kofia peke yake, bila jina."

Alibadilisha mpangilio, akajaribu kitufe, na kiwimbi kikatokea. Akamrudishia mzee kiti.

Nzau aliandika. Kidole hakikukosea. Mashine ilifikiri, ikafikiri, na safari hii mstari haukuwa mfupi. Ulifuatwa na mwingine, na mwingine, majina yakamiminika kwenda juu kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuishika: Mbithe, Ndululu, Wavinya, mtoto asiye na jina, mtoto asiye na jina, Kaveke. Kavindu aliiagiza ikague kila kipande. Hakuna kilichoguswa. Mia mbili na sita.

Alicheka kwa sauti, akampiga mzee begani kama rika lake, akaruka kwenda kuwasha printa. Sauda alitia karatasi. Printa ilikohoa, ikavuta ya kwanza, na chumba kikajaa ile harufu ya wino wenye joto.

Nzau alisimama karibu nayo, akapokea kila ukurasa kwa mikono miwili. Ukurasa wa tano ulitoka ukiwa bado vuguvugu. Mia moja na kumi na saba. Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa, mahali palipimwa sawasawa, na mawe yalikuwa yote. Aliushika ukurasa ule bila kuuweka juu ya mingine.

Mhubiri alikuwa amezima spika. Alisikika akikunja waya na kumuuliza mtu kuhusu boda. Katika kimya hicho kidogo, kutoka ng'ambo ya pazia, Nzau alisikia sauti ya mtu anayezungumza na simu kwa uangalifu, kama karani anayesomea mwenzake jina ili asilikosee.

"Es," sauti ilisema. "Wai. O. Em. Bi... Eeh, bi ya baba. U ya kawaida. A." Ikangoja, kama mtu wa upande wa pili anaandika. "Sasa la pili. Hapo sikiza vizuri."

Printa ilivuta karatasi nyingine. Kavindu alikuwa ameupa mlango mgongo, akihesabu kurasa na kuimba chini chini, na viatu vilivyo chini ya pazia vilikuwa vimegeuka, vikielekea barabarani.

"Inaanza na kofia," sauti ilisema.